Mkono unatetemeka, na paroko anataka Njia ya Msalaba

*"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, nina miaka 66, naishi Mbinga. Mzee wangu alipofariki miaka miwili iliyopita nilianza kuchora jioni kwenye daftari la wajukuu ili nisikae na mawazo. Sijawahi kufundishwa. Mwezi uliopita paroko alitembelea kigango chetu, akaiona ile michoro, akaniambia nichore Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, kwa ajili ya kanisa letu jipya ambalo kuta zake bado tupu. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Tangu hapo usingizi umepungua. Kipaji sina, kwetu mwenye kipaji alikuwa kaka yangu. Nyuso zangu zote zinatoka kama za mdoli. Mkono wa kulia unatetemeka kidogo nikishika penseli. Nimejaribu kuweka karatasi nyembamba juu ya picha za kitabu cha sala na kuzifuatisha, zinatoka nzuri lakini najiona mwizi. Jirani yangu mlokole anasema natengeneza sanamu zilizokatazwa. Na mwanangu ananitania: Yesu wako atakuwa mzungu au mweusi? Naomba uniambie ukweli: mtu wa umri wangu anaweza kujifunza hadi kazi yake itundikwe kanisani, au nimwambie paroko atafute kijana?"*

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa kumpoteza Mzee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza kuhusu mkono, kipaji, jirani na rangi ya Yesu, ila nyuma ya hayo yote naona hofu moja: watu waliokujua miaka yote kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu sasa watakaa kwenye mabenchi kila Ijumaa ya Kwaresima wakiisahihisha kazi yako. Hofu hiyo ina haki yake, sitakuambia uipuuze. Nitakachofanya ni kukupunguzia mzigo, na naanza na ule usiokuhusu kabisa.

Kwa desturi ya Kanisa Katoliki, kinachohitajika ili Njia ya Msalaba, yaani vituo vya kusali kwa kukumbuka mateso na kifo cha Yesu, iwepo ni misalaba 14. Picha zimezoeleka na zinasaidia kusali, lakini ni nyongeza. Hata hiyo idadi ya 14 iliwekwa rasmi na Papa Klementi wa Kumi na Mbili mwaka 1731. Kabla yake kila mahali walikuwa na hesabu yao. Basi mwombe seremala atengeneze misalaba 14 midogo ya mbao, paroko aibariki, itundikwe. Kwaresima ijayo mtasali, uwe umemaliza picha zote, mbili, au hata moja. Picha zitaingia chini ya misalaba kadiri zinavyokamilika. Ukishafanya hivyo, hakuna anayekusubiri wewe ili asali.

Sasa kipaji. Wapo watu wanaoanza mbele ya wenzao, na huenda kaka yako alikuwa mmoja wao. Lakini kinachowakwamisha watu wazima ninaowafundisha kuchora karibu kila mara si kukosa kipaji, wala mkono haukosi nguvu za kufanya mstari. Mtu anayeweza kuandika jina lake ana mkono wa kutosha kuchora. Shida iko kwenye kutazama, na wewe utaielewa haraka kuliko wengi, kwa sababu umeishi nayo darasani: unamkumbuka yule mwanafunzi aliyekuwa anaandika jibu kabla ya kumaliza kusoma swali? Ndivyo ubongo unavyofanya mbele ya uso wa mtu. Unaona nusu sekunde, unasema "jicho, hilo nalijua," kisha unamwamuru mkono uandike alama ya jicho, ile ya umbo la mbegu yenye nukta katikati, uliyojifunza ukiwa na miaka sita. Huchori jicho la mtu aliye mbele yako. Unaliandika, kama unavyoandika tarakimu 8. Ndiyo maana nyuso zako zote zinafanana, na ndiyo maana zinafanana na mdoli, kwa kuwa mdoli naye ametengenezwa kwa alama.

Chukua rula usimame mbele ya kioo. Pima kutoka utosini hadi kidevuni, kisha pima macho yako wapi. Yako katikati. Sasa rudi kwenye daftari upime nyuso ulizochora. Naweka dau kwamba macho umeyapandisha, pengine theluthi moja tu kutoka juu. Paji la uso na utosi havituambii habari yoyote kuhusu mtu, kwa hiyo ubongo unavipunguza. Macho na mdomo vinatuambia kila kitu, basi vinapewa kiwanja kikubwa. Kosa hilo moja ukilirekebisha, nusu ya midoli itageuka kuwa watu.

Hisabati yako ndiyo mtaji wako hapa, usiidharau. Mchoro ni uwiano. Nyoosha mkono wote, kiwiko kisikunjike, funga jicho moja, pima kichwa cha mtu kwenye penseli kwa kidole gumba, kisha hesabu kichwa hicho kinaingia mara ngapi katika urefu wake. Kwa mtu mzima utapata saba, au saba na nusu. Kwa mtoto mdogo utapata vinne au vitano, na hii ndiyo sababu watoto wa wanaoanza kuchora huonekana kama wazee wafupi: wamepewa uwiano wa mtu mzima. Kiganja kilichonyooshwa kinafunika uso kuanzia kidevu hadi karibu na mwanzo wa nywele. Unyayo una urefu wa mkono kutoka kifundo hadi penye mkunjo wa kiwiko. Watu hawaamini hilo mpaka wavue kiatu na kupima. Mikono na miguu ndiyo viungo ambavyo karibu kila anayeanza huvichora vidogo mno, na katika Njia ya Msalaba mikono na miguu ndiyo inayobeba hadithi.

Kwa miezi mitatu ya kwanza usimchore Yesu kabisa. Dakika 30 kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa nne za Jumamosi, maana mkono hujifunza kidogo kidogo na usingizi husaidia yale uliyofanya mchana yakae. Chora birika. Ukishalichora, chora tena nafasi iliyo kati ya mpini na birika, ile hewa tupu. Nafasi hiyo haina jina, ubongo hauna alama yake, kwa hiyo unalazimika kuitazama kama ilivyo. Siku nyingine chukua picha ya mtu kwenye gazeti, igeuze kichwa chini miguu juu, uichore hivyo hivyo. Ubongo ukishindwa kusema "hili ni jicho" unanyamaza, na jicho lako linapata nafasi ya kufanya kazi. Tundika kitenge kwenye msumari uone mikunjo inavyoanzia pale kilipobanwa na kusambaa kwenda chini kama mito. Kitambaa hakikunjiki ovyo. Kila mkunjo una mahali unakoanzia, iwe bega, kiwiko au kiuno. Veronika, yule anayempangusa Yesu uso njiani, atakuja baadaye na kitambaa chake, nawe utakuwa umeshakijua.

Halafu toka nje. Hapa ndipo Mbinga inapokutanguliza mbele ya mwanafunzi wa sanaa aliyejifungia chumbani mjini. Siku ya kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, kaa pembeni na daftari uwatazame vijana wanaobeba magunia. Mtu akiweka mzigo kwenye bega la kulia, mwili wake wote unahamia kushoto: nyonga inatoka, kichwa kinainama, miguu inatanuka. Hafanyi hivyo kwa kupenda. Uzito lazima uwe juu ya nyayo, la sivyo anaanguka. Kumbuka timazi ya fundi uashi. Dondosha mstari wima kutoka shimo la shingo kwenda chini. Mtu akiwa amesimama imara, mstari huo unatua kwenye unyayo unaobeba uzito au kati ya nyayo zote mbili. Ukimchora mtu ambaye mstari wake unatua nje ya nyayo, mtazamaji atahisi tumboni mwake kwamba huyu anaanguka, hata kama hajui kwa nini.

Na Njia ya Msalaba ina maanguko matatu. Wachoraji wengi huchora lile lile mara tatu, wakibadilisha askari tu. Wewe yafikirie kwa timazi. Mara ya kwanza goti moja limegusa chini, mkono bado umeshika msalaba. Mara ya pili magoti yote mawili na kiganja. Mara ya tatu kifua kiko kwenye vumbi na msalaba uko juu yake. Mtu aliyekaa benchi la mwisho, asiyeona uso hata mmoja, ataelewa nguvu zinavyoisha. Hiyo ndiyo kazi ya picha kanisani: isomeke kwa umbo kabla ya kusomeka kwa uso. Ndiyo maana pia kila kituo nisingeweka zaidi ya watu watatu. Umati mwachie mwenye wanafunzi wa kumsaidia.

Kuhusu kufuatisha picha za kitabu cha sala, sikuiti mwizi, ila nakuonya kwa sababu nyingine. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Kilimanjaro na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ana usemi wake unaojulikana sana kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nauheshimu, lakini nusu yake tu ndiyo ninayoifuata. Wachoraji wa ikoni, yaani picha takatifu za Ukristo wa Mashariki, wamejifunza kwa kunakili kwa karne nyingi, na kwao kufuata mfano wa zamani ni utii, haiwi uvivu. Tofauti iko hapa: ukitazama picha na kuichora upya pembeni, umelazimika kupima kila kitu, ukiweka karatasi juu na kufuatisha, mkono umesafiri lakini jicho limebaki nyumbani. Kwa hiyo nakili kwa kutazama, kwenye daftari, kadiri upendavyo. Cha kutundika kiwe chako. Kuna na jambo la kawaida la haki: picha nyingi za vitabu vya sala zina mwenyewe, na kuzikuza kisha kuzitundika kanisani bila ruhusa si jambo safi.

Kutoka daftari hadi ubao kuna njia halali ambayo imetumika karne nyingi, na utaipenda: miraba. Mchoro wako mdogo uwe na upande wa sentimita 15, ugawe miraba ya sentimita 3. Ubao ukiwa na upande wa sentimita 60, miraba yake iwe ya sentimita 12. Unahamisha mraba mmoja baada ya mwingine, na mchoro unakua mara nne kila upande. Ulishawafundisha watoto wa watu kukuza ramani namna hii.

Jirani yako. Sitajifanya mchungaji, ila mchoraji wa mambo ya dini lazima ajue anasimama wapi, la sivyo mkono utatetemeka kwa sababu nyingine. Kutoka 20 inakataza kujifanyia sanamu na kuisujudia. Ukienda mbele kidogo, sura ya 25, Mungu yule yule anaagiza makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na sura ya 31 anamtaja Bezaleli kwa jina na kusema amemjaza roho kwa ajili ya kazi za ufundi. Kanisa lilipigana vita virefu juu ya jambo hili, na Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea mwaka 787 ulitenganisha mambo mawili: heshima inayopewa picha humwendea anayeonyeshwa, kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Lakini jirani naye ana hoja, na ni haki kukiri. Nyoka wa shaba ambaye Musa alimtengeneza kwa agizo, karne kadhaa baadaye Mfalme Hezekia alimvunja vipande kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Iko Wafalme wa Pili 18. Kitu kile kile, kilichotengenezwa kwa utii, kiligeuka kuwa tatizo. Hutamshinda jirani kwa aya, na nadhani huhitaji kumshinda. Mpelekee mboga kama kawaida.

Mwanao naye anatania, lakini swali lake ni zito. Injili hazisemi lolote kuhusu sura ya Yesu. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, mtu wa kutembea juani. Yesu mweupe mwenye nywele laini tuliyemzoea kwenye kalenda ametoka kwenye mikono ya watu wa mahali fulani. Ile picha ya Huruma ya Mungu yenye maneno "Yesu Nakutumainia", ambayo nadhani hata kwako ipo, ilichorwa kwanza mwaka 1934 mjini Vilnius na Eugeniusz Kazimirowski, na ile iliyoenea zaidi majumbani ni ya Adolf Hyła wa Krakow, ya miaka ya 1940. Mtawa Faustina, ambaye ndiye aliyeeleza alichokiona katika maono, alikuwa akienda kumwelekeza Kazimirowski, na hata hivyo alipoiona kazi alilia kwa kuwa haikufikia uzuri aliouona. Nakutajia hilo ili siku utakapolia wewe ujue uko na nani.

Waethiopia wamemchora Kristo wa kahawia mwenye macho makubwa kwa karne nyingi bila kumwomba mtu ruhusa. Njau niliyemtaja alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 kwenye kuta za kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakiwa katikati ya Waafrika, na nchi iliyo nyuma yao ni ya kwao. Kusini kwenu, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kwenye misheni ya Mua nchini Malawi, Padre Claude Boucher alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976, na wachongaji wake wanazileta hadithi za Biblia katika mila za Wachewa, Wayao na Wangoni. Usisahau pia Simoni wa kituo cha tano: Kirene iko Libya ya leo. Kuna Mwafrika kwenye Njia ya Msalaba tangu mwanzo. Maoni yangu ni kwamba uchore watu wa kwenu, kwa sababu hao ndio unaoweza kuwatazama. Lakini kanisa ni la wote. Mwonyeshe paroko na halmashauri ya walei michoro miwili mitatu kabla hujagusa ubao. Wao ndio watakaojua kama inahitajika pia idhini ya jimbo.

Sasa mkono, na hapa nakuomba usinisikilize mimi peke yangu, kwa kuwa si daktari. Mtetemeko unaokuja ukishika kitu na kupungua ukipumzika ni wa kawaida kwa watu wa umri wetu. Mara nyingi upo kwenye ukoo, na uchovu au wasiwasi huuzidisha. Baadhi ya dawa za pumu huuongeza. Kahawa pia, ingawa najua naongea na mtu wa Mbinga. Lakini nenda hospitali ukachunguzwe, na usiahirishe kama mkono unatetemeka zaidi ukiwa umetulia mapajani, kama ni upande mmoja tu na miondoko imekuwa mizito, kama mwandiko wako umekuwa ukipungua ukubwa bila wewe kutaka, au kama unapungua uzito na moyo kwenda mbio, maana tezi ya shingo nayo hutetemesha mikono. Umesema ni mkono wa kulia. Chunguza kama wa kushoto nao unatetemeka ukishika kikombe, ukamwambie daktari ulichoona. Udhaifu wa ghafla wa mkono, mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, hapo ni siku hiyo hiyo.

Wakati huo huo fundi ana dawa zake. Chora umesimama, ukitumia bega badala ya vidole. Mtetemeko mdogo unaoharibu mstari wa sentimita mbili hauonekani kwenye mstari wa sentimita 40. Hii ni sababu nyingine ya kupenda ubao mkubwa. Zungushia penseli kitambaa iwe nene. Kwa sehemu ndogo tumia fimbo ya kuegemeza: mti mwembamba wa urefu wa mkono, ncha moja umeifunga kitambaa na kuiegemeza pembeni mwa ubao, nyingine umeishika kwa mkono wa kushoto, kisha kiganja cha kulia kinalala juu yake. Wachoraji wa Ulaya wenye mikono mizima kabisa wamefanya hivyo karne kwa karne. Na Mmarekani Anna Mary Robertson Moses, aliyekuja kujulikana dunia nzima kama Grandma Moses, aliingia kwenye kuchora kwa bidii katika miaka yake ya 70 kwa sababu maumivu ya viungo yalimfanya ashindwe kushika sindano ya kutarizi. Burashi ilikuwa rahisi zaidi kwake. Aliishi miaka 101.

Macho hukuyataja, nami nayataja. Miwani yako ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Ubao utakuwa kwenye sentimita 60 au 70, kwa hiyo utauona kwa ukungu na kudhani ni mkono. Pima umbali huo kwa rula, umwambie mtaalamu wa macho namba kamili. Mwombe pia akupime presha ya macho, ambayo huiba uoni kimya kimya, na aangalie mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho huzigeuza rangi kuwa za njano na kahawia; mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora miaka kadhaa akiwa hivyo kabla ya kufanyiwa upasuaji mwaka 1923. Na kaa karibu na dirisha. Jicho la miaka 66 linahitaji mwanga mwingi kuliko la miaka 20, kwa hiyo kuchora jioni kwa taa ya chumbani ni kujinyima.

Hilo la rangi linanipeleka kwenye vifaa, na hapa nina ushauri ambao huenda ukamshangaza paroko: usitumie rangi nyingi. Nunua makopo matatu ya rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, nyeusi na kahawia, basi. Vituo vyote vitakuwa ndugu, gharama itabaki ndogo, macho yako yakikudanganya kuhusu rangi hayataharibu kazi, na swali la mwanao litajijibu lenyewe maana Pilato, askari na Yesu wote watakuwa kahawia. Edward Tingatinga na waliomfuata walitumia rangi ya mafuta inayong'aa, na kwa pundamilia inapendeza, lakini kanisani mng'ao wa dirisha utakula nusu ya picha, na harufu ya thina ndani ya nyumba si ya kuizoea. Karatasi ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa mbao nane za futi 2 kwa 2, ambazo ni kama hizo sentimita 60. Mbili zinatoa 16. Mbili za ziada ni za kuharibu. Zipige msasa, uzipake nyeupe pande zote mbili, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande wa pili na kupinda. Mkaa wa kuchorea usinunue: jaza vijiti vyembamba kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu kwa msumari, weka motoni mpaka moshi uishe kutoka, uache lipoe ndipo ufungue.

Na tafadhali, usipake rangi ya maji juu ya ubao uliowahi kupakwa ya mafuta. Mimi niliwahi kufanya hivyo katika kanisa moja dogo ili kuokoa siku mbili. Masika ya pili rangi ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu, ikaondoka na sikio la Petro.

Umeniomba ukweli. Ukweli ni kwamba unaweza kujifunza, na hutafikia kazi ya mtu aliyechora miaka 30. Ukihesabu miezi mitatu ya daftari, kisha wiki mbili tatu kwa kila ubao, unaongelea mwaka mzima, pengine Kwaresima ya pili kutoka sasa. Kama unaona hilo ni zito, kuna njia za heshima. Unaweza kuchora vituo kwa mkaa na mstari tu, mtu mmoja kila ubao, bila rangi kabisa. Mimi binafsi naipenda zaidi ya picha zilizojaa. Unaweza kuchukua vituo vichache na kuacha misalaba iongee kwingine. Au unaweza kufanya kazi na fundi wa mabango wa mjini, yule anayeandika kwenye maduka na saluni: wewe unatunga na kuchora, yeye anapaka. Huyo mtafute hata ukifanya peke yako, maana saa moja ukimtazama anavyoshika burashi itakusaidia kuliko barua yangu hii. Ukifika Dar es Salaam kwa watoto, kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space kiko Mikocheni, na Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Kaa na mtu anayechora, aangalie daftari lako ana kwa ana, kwa kuwa mimi kutoka huku siwezi kuona unavyokaa wala unavyoshika penseli.

Jambo dogo kuhusu usingizi. Kama ni wasiwasi wa picha, utapungua misalaba ikishatundikwa. Kama ulikuwa umeshapotea tangu Mzee aondoke, au chakula nacho hakiliki, mwambie daktari siku ile ile unayopeleka mkono, na wenzako wa jumuiya wajue.

Ukianza mbao, usianze na kituo cha kwanza wala cha kumi na mbili. Cha kwanza ndicho wote wanakutana nacho wakiingia, na cha kumi na mbili, Yesu anapokufa msalabani, ndicho wanachokitazama zaidi. Viache mwisho, mkono ukiwa umeiva. Anza na cha saba, lile anguko la pili. Kila ubao uwekee vipande viwili vya mbao nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta, mchwa na unyevu wasipate njia. Na yule kijana uliyetaka paroko amtafute, mtafute kweli: kuna ngazi ya kupanda na misumari 14 ya kupigilia.